Korasoni

Redio tuliinunua Mlango Mmoja, mtumba,
mlango wake wa kaseti umefungwa kwa utepe mweusi.
Muuzaji akasema: iliyomo ndani sikutozi,
imegoma kutoka.
Ndivyo alivyoingia nyumbani kwetu Mabatini
mwanamume wa Kihispania, hana jina wala jalada,
wimbo mmoja na nusu, kisha mchakato wa mkanda.

Hatukujua hata neno. Wewe, Masalu, ndiwe uliyekuwa mkalimani.
Ukikwangua ukoko wa ugali ulitafsiri:
hapa anasema mwenye nyumba kaja,
hapa kakumbuka hajala tangu juzi,
hapa, sikiliza sauti inavyopanda Bugando bila viatu,
hapa anamwita mkewe, Korasoni.

Korasoni.
Anamwita mara kumi na moja. Nilihesabu.
Tukamsengenya kama jirani:
mimi nikasema ni mrefu, ana mwanya, ana madeni ya vitenge;
wewe ukasema hapana, ni mfupi, mweusi tii,
kaondoka kwa kuwa mume anaimba badala ya kutafuta kazi.
Tukacheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta.
Tukasema tukipata binti ndilo jina lake,
padri akitaka akatae.

Hatukupata binti.
Ulipata kazi Nansio.
Kisha ukapata mtu Nansio.
Habari nilipewa na karani wa meli,
akinihesabia chenji, bila kuinua macho.

Betri zikichoka naanika juani,
juu ya jiwe la uani, pamoja na dagaa.
Jioni zinakuwa na pumzi ya kuimba mara moja,
na hata hiyo haitoshi: sauti inalegea, inakuwa nzito,
mtu wa watu anazeeka katikati ya ubeti.

Igogo naingia kiwandani kabla hakujapambazuka.
Buti nyeupe, barafu, kisu.
Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda kwao, kwa waimbao vile;
mapanki yanabaki kwetu,
kwetu na kwa korongo walio juu ya paa.
Alhamisi akaja mkaguzi, mama wa huko minofu inakoliwa,
kofia ya karatasi, kipimajoto mkononi.
Sikujua kuwa naimba.
Kipimajoto kikabaki kimesimama ndani ya samaki.
Akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, nani kakufundisha?
Nikasema simjui, ila mkewe anaitwa Korasoni.

Hakucheka. Akavua glovu,
akanigusa hapa, kushoto,
juu ya aproni yenye magamba.
"Hii," akasema. "Hii tu."

Kumbe si mke.
Kumbe hapakuwa na mwanya, wala vitenge vya mkopo.
Miaka yote ile, mara kumi na moja kila jioni,
mtu anauita moyo wake mwenyewe
kama aitaye mbuzi aliyekata kamba,
nao uko mahali unamsikia,
unatafuna majani ya watu.

Nilirudi kwa miguu. Ziwa lilikuwa limejifunika magugu,
maji hayaonekani, ila unayasikia chini yakipumua.
Nilitaka kukupigia, Masalu.
Si kulia. Kulia nimeshalia, tena kwa awamu.
Nikwambie tu kwamba tulikosea tafsiri,
kwamba yule mwanamke tuliyemsema hakuwahi kuondoka
kwa sababu hakuwahi kuwapo.
Nikabonyeza tarakimu tisa.
Ya kumi ni saba. Naijua.
Nikairudisha simu mfukoni na saba yake.

Usiku nikaziweka betri.
Nikapita naye kwa mwenye nyumba, nikapita naye kwenye njaa ya juzi,
tafsiri yako bado imekaa juu ya maneno yake, haibanduki.
Tukafika pale.
Akaita.
Nikaitika, "Abee."

Akaendelea kuita.